Woti Haipoi? Anza na Maji Yanayotoka

Moto umezimwa, na kwenye sufuria kuna lita 20 za woti, yaani yale maji matamu ya kimea yaliyochemshwa pamoja na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu). Kabla ya kutia hamira inabidi ishuke kutoka nyuzi 100 za Selsiasi hadi 20 hivi, tena upesi na bila kuingiwa na vijidudu. Mambo yakienda sawa ni kazi ya nusu saa. Yakienda kombo hufika saa mbili, na baadhi ya madhara hayaonekani siku hiyo. Hujitokeza wiki kadhaa baadaye, bia ikiwa imeshamiminwa.

Ushauri unaotolewa haraka ni kununua kipozeo kikubwa zaidi. Mimi nakusihi kwanza upime maji yanayotoka kwenye kipozeo ulicho nacho. Ukiyalinganisha na joto la woti utajua ni wapi joto linakwama, na mara nyingi halikwami kwenye ukubwa wa kifaa.

Woti inapoa polepole mno

Tuchukue kipozeo kinachotumiwa na wengi: koili ya shaba inayozamishwa ndani ya sufuria, maji ya bomba yakiingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Koili ya mita 10 yenye mrija wa milimita 10 ikitumiwa vizuri huweza kushusha lita 20 hadi karibu na joto la maji ya bomba ndani ya dakika 20 hadi 30. Ikiwa muda huo umepita na woti bado iko nyuzi 60, acha maji yaendelee kupita na upime joto mara mbili: la woti, kisha la maji yanayotoka.

Usiyapime kwa mkono. Maji ya dakika za mwanzo yanaunguza vibaya. Yakinge kwenye kikombe cha chuma, tumbukiza kipimajoto. Na ncha ya mpira ifungwe imara kwenye ndoo au sinki, kwa sababu mpira uliolegezwa na joto hujinyonga na kuruka.

Ukikuta maji yanatoka ya moto sana, yakikaribia joto la woti yenyewe, basi yanapita taratibu kupita kiasi. Yanashiba joto kabla hayajafika katikati ya koili, na mizunguko iliyobaki haifanyi kazi yoyote. Fungua bomba zaidi. Kama bomba liko wazi kabisa na mkondo bado ni mwembamba, fuata mpira kwa macho kutoka bombani hadi kwenye koili. Mahali pa kwanza pa kutazama ni ukingo wa sufuria, pale mpira unapopinda kuingia: mvuke huulainisha, unakunjika, na njia ya maji inabaki nyembamba kama unyasi. Mpira wa silikoni huvumilia joto hilo. Ule mwembamba wa plastiki angavu haufai.

Ukikuta kinyume chake, maji yanatoka uvuguvugu tu ilhali woti ina nyuzi 70, maji hayana kosa. Joto haliyafikii. Woti inayogusa koili imeshapoa, imetulia pale pale, na imekuwa kama ukuta kati ya mrija na woti ya moto iliyo mbali nayo. Dawa ni kukoroga. Chukua mwiko uliotakaswa, au shika koili yenyewe kwa kitambaa kinene uizungushe polepole huku na huku. Pima tena maji yanayotoka baada ya dakika moja: yakipanda ghafla, umepata jibu. Hakuna badiliko lingine lisilo na gharama linalookoa muda kama hili, na linashangaza kila anayelijaribu kwa mara ya kwanza.

Urefu wa koili ndani ya sufuria nao una maana. Woti iliyopoa ni nzito, hushuka. Ya moto hubaki juu. Koili iliyolala chini kabisa, ikiwa imezikwa kwenye masalia ya hopsi, hupoza sehemu ambayo tayari ni baridi. Ining'inize karibu na juu, mizunguko yote ikiwa imezama, na woti itajizungusha yenyewe kwa kiasi fulani hata unapopumzika.

Umekoroga na maji bado yanatoka uvuguvugu? Angalia ndani ya mrija. Maji yenye chokaa nyingi huacha utando unaozuia joto. Pitisha siki au mmumunyo wa asidi ya sitriki, uache kwa muda mfupi, kisha suuza sana.

Kuhusu mjadala wa shaba na chuma cha pua: ni kweli shaba hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko chuma cha pua. Lakini ukuta wa mrija ni mwembamba sana, na kwa hiyo tofauti unayoipata sufuriani ni ndogo kuliko ile iliyopo kati ya kukoroga na kutokoroga. Mwenye koili ya chuma cha pua asiitupe.

Ilishuka vizuri, sasa imekwama kwenye nyuzi 30

Hapa hakuna kilichoharibika. Kasi ya kupoa inategemea tofauti ya joto kati ya woti na maji ya kupozea. Mwanzoni tofauti ni nyuzi 70 na zaidi, kwa hiyo woti hushuka mbio. Ikibaki tofauti ya nyuzi tatu au nne, kila nyuzi moja inataka muda mrefu na maji mengi. Na woti haiwezi kamwe kuwa baridi kuliko maji yanayopita kwenye koili. Maji ya bomba yakiwa na nyuzi 27, kuendelea kuyamwaga ukitarajia 18 ni kuyapoteza bure.

Kinachohitajika ni barafu, na swali kubwa ni itumike lini. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hufyonza kilojuli 334, na maji yake yakipanda hadi nyuzi 20 hufyonza nyingine 84 hivi. Lita 20 za woti zikishushwa kutoka 40 hadi 20 hutoa kilojuli 1,700 kwa makadirio. Ni kilo 4 za barafu kama hakuna kinachopotea. Weka 5 au 6 kwa usalama. Ukianza na barafu tangu nyuzi 100, utahitaji mara nne ya hapo. Kwa hiyo maji ya bomba yafanye kazi kubwa ya kwanza hadi 40 au 35, barafu ije mwisho. Anayeitumia mapema huikosa pale inapohitajika.

Njia ya kuitumia ninayoipendelea ni pampu ndogo ya kuzamisha: tumbukiza kwenye ndoo ya maji na barafu, maji yapite kwenye koili na kurudi kwenye ndoo. Yale ya mwanzo yanayorudi yakiwa bado na joto, yamwage kwingine, usiyarudishe kwenye barafu. Wengine huweka koili ya pili ndani ya ndoo ya barafu ili maji ya bomba yapoe kabla ya kuingia sufuriani. Inafanya kazi, lakini ndoo hiyo isiwe na barafu kavu-kavu: vipande vitupu hugusa mrija kwa nukta chache tu. Jaza maji mpaka vipande vielee, na uikoroge ndoo kama unavyokoroga sufuria.

Asiye na koili huiweka sufuria nzima kwenye beseni kubwa. Hapo kuna tabaka mbili za kukoroga, woti ndani na maji nje, na maji ya nje yabadilishwe kila yanapopata joto. Panga mahali pa beseni kabla ya kuwasha moto, kwa sababu kubeba lita 20 zinazotokota ni hatari isiyo na sababu.

Barafu isitiwe ndani ya woti moja kwa moja. Kuganda hakuui vijidudu. Ukitaka kuongeza maji baridi ili kupoza na kufikisha kiasi, yachemshe siku moja kabla, yafunike, yaweke kwenye friji.

Na kama barafu haipo kabisa? Hamishia woti kwenye chombo cha kuchachushia kilichotakaswa, kifunge, kiweke kwenye friji au mahali pa baridi, utie hamira asubuhi. Mradi vyombo ni safi, usiku mmoja hauna neno. Ila usigeuze usiku mmoja kuwa wiki. Kuchemsha hakuui mbegu za Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu ya kuua, na woti ina pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu unazidi) ya 5 na kitu, juu ya ile 4.6 ambayo chini yake bakteria huyo hawezi kukua. Woti iliyofungwa bila hewa na bila hamira, ikikaa siku nyingi kwenye joto la kawaida, ni hatari. Njia nyingine ni kuchagua hamira inayopenda joto. Hamira za jadi za kveik kutoka Norwe huchachusha vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40, na kwa mtu anayeishi penye joto ni suluhisho la kweli kabisa.

Kipimajoto kinasema 20, ndani ya chombo inakuwa 28

Ulipima chini, pakiwa pamepoa, huku juu pakiwa bado moto. Sufuria zenye kipimajoto kilichofungwa ubavuni karibu na kitako hudanganya hivi kila mara. Koroga kwanza, subiri sekunde chache, ndipo usome.

Kiasi kimepungua, au vipimo havilingani

Ukipima lita 20 zikichemka na kupata 19.2 zikiwa baridi, hakuna kilichoibiwa. Maji husinyaa kwa karibu asilimia 4 yanaposhuka kutoka 100 hadi 20.

Haidromita, kile kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa woti, yaani sukari iliyomo, nayo imetengenezwa kusoma sahihi kwenye joto moja, kwa kawaida nyuzi 20. Woti ya nyuzi 40 huonyesha pungufu kwa takriban 0.006: ile ambayo ni 1.050 itasomeka 1.044 hivi, na mtu huanza kuongeza sukari isiyohitajika. Poza sampuli ndogo ndani ya kikombe, pima hiyo.

Kiasi kimeongezeka

Hili ndilo la kuogopwa. Kama woti imeongezeka au haidromita imeshuka ghafla ikiwa kwenye joto sahihi, maji ya bomba yanavuja ndani ya sufuria. Huvuja kwa matone madogo kwenye kiungo cha mpira na mrija, hasa dakika ya kwanza: mpira umepata joto, umelegea, halafu msukumo wa maji unakuja. Kaza klipu za chuma, na ukunje miguu ya koili ili viungo vyote vikae nje ya ukingo wa sufuria, vikielekea chini. Hata kikivuja, tone litaangukia sakafuni.

Tundu kwenye mrija wenyewe ni nadra, lakini likiwepo hulioni ndani ya woti nyeusi. Siku moja kabla ya kupika, ziba ncha moja ya koili, izamishe kwenye beseni la maji, puliza upande wa pili. Povu likitoka, mahali umepapata.

Ukigundua uvujaji wakati woti bado iko juu ya nyuzi 80, funga maji, kaza, na uichemshe tena kwa dakika 10. Ukigundua ikiwa imeshapoa, bado ningeichemsha tena. Ni kuchosha, ndiyo, lakini utaokoa pishi zima.

Koili imebadilika rangi

Shaba iliyoingia kahawia na kutoka inang'aa imesafishwa na asidi ya woti, na utando ule umebaki kwenye bia. Kahawia kidogo haina madhara, na hamira huchukua sehemu kubwa ya shaba hiyo. Kijani au bluu ni kutu yenye sumu. Isiingie sufuriani hata kidogo. Ioshe kwa siki, isuguliwe, isuuzwe, na baada ya kupika ikaushwe ndani na nje. Maji yanayobaki ndani ya mizunguko ndiyo yanayoleta ile kijani, kwa hiyo puliza mpaka yaishe.

Kipozeo cha sahani au cha mirija miwili: woti haitoki, au inatoka moto

Katika vipozeo hivi woti inatembea kati ya sahani zilizobanwa pamoja, au ndani ya mrija ulio ndani ya mwingine, na maji yanatembea upande wa pili wa ukuta yakielekea kinyume. Inapotoka moto, tazama mambo mawili. La kwanza, je, mipira imefungwa ili mikondo ipishane? Ikienda upande mmoja, woti na maji vitakutana kwenye joto la katikati na kuishia hapo. La pili, punguza mwendo wa woti kwa kubana valvu ya kutokea, maji yakiwa wazi kabisa.

Inapokoma kutoka, ni hopsi na protini zilizoganda zimeziba nafasi kati ya sahani. Usizidishe nguvu ya pampu. Tenganisha, pitisha maji ya moto kwa kinyume, na pishi lijalo weka hopsi kwenye mfuko au acha masalia yatulie dakika 15 kabla ya kufungua valvu. Shida kubwa ya kipozeo cha sahani ni kwamba huwezi kuona ndani. Kiache na uchafu leo na kitauchafua kila kitakachopita kesho. Kisafishe kikiwa bado na unyevu, na kabla ya kukitumia pitisha maji yanayochemka kwa dakika kadhaa.

Dalili zinazojitokeza baada ya wiki

Harufu ya mahindi yaliyochemshwa au kabichi inatokana na DMS, kemikali yenye salfa. Kimea cheupe, hasa cha bia za laga, kina kitu kinachogeuka DMS kwenye joto kali. Wakati wa mchemko hutoka na mvuke. Woti ikikaa moto bila kuchemka, inaendelea kutengenezwa lakini haina pa kutokea. Ndiyo maana upoaji wa polepole hulaumiwa. Kwa maoni yangu lawama hiyo mara nyingi ingepelekwa kwenye mchemko: kila dakika 40 za kuchemka hupunguza chanzo hicho kwa takriban nusu, kwa hiyo saa moja huacha zaidi ya theluthi, na dakika 90 huacha moja ya tano. Kama ulichemsha dakika 45 huku umefunika sufuria, kipozeo cha kasi hakitakuokoa. Chemsha kwa muda mrefu, kifuniko kikiwa wazi, ndipo ushughulikie kasi ya kupoza.

Uchungu uliozidi na harufu ya hopsi iliyofifia huja pamoja. Asidi za hopsi huendelea kugeuka kuwa uchungu mpaka woti ishuke chini ya nyuzi 80 hivi. Hopsi ulizotia moto ukizimwa, zikikaa dakika 40 kwenye nyuzi 95, zimepikwa. Shusha woti hadi 80 au 75 kwanza, tia hopsi, zisubiri muda uliokusudia, kisha endelea kupoza.

Bia inayoingia ukungu ikiwa baridi na kutakata ikipata joto ina protini na tanini ambazo hazikuganda vya kutosha. Kupoza haraka huzigandisha kwenye mabonge yanayozama. Utayaona yakielea kama vipande vya yai kwenye mchuzi, kisha yakishuka. Mwani wa karajini ukitiwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuzima moto husaidia sana. Ukungu huo ni wa macho tu, ladha haidhuriki.

Uchachu usiotakiwa, au utando juu ya bia, ni vijidudu. Woti ikiwa juu ya nyuzi 70 inajilinda. Chini ya 60 kila kinachoigusa lazima kiwe kimetakaswa. Koili iingizwe kwenye woti inayochemka dakika 15 kabla ya mwisho, na dakika hizo zihesabiwe baada ya mchemko kurudi, kwa sababu chuma baridi huusimamisha. Kipimajoto, mwiko, mpira wa kuhamishia: vyote. Halafu kuna mahali ambapo hapakumbukwi, nako ni valvu ya sufuria. Ndani yake, nyuma ya ile tufe inayozunguka, woti ya pishi lililopita hukauka na kujificha. Ifungue vipande vipande uisafishe, na wakati wa mchemko chota kikombe kimoja cha woti inayotokota kupitia hapo na kuirudisha sufuriani.

Kuna watengenezaji wanaotaka vijidudu hivyo. Wapikaji wa lambic, bia chachu ya Ubelgiji, karibu na Brussels hupoza woti usiku kucha kwenye sinia pana lililo wazi, katika miezi ya baridi, ili viumbe vya hewani viingie. Wao hungoja miaka na huchanganya mapipa. Kwa bia ya kawaida usiige.

Ladha kali ya spiriti inayochoma koo ni hamira iliyotiwa kwenye woti ya moto. Kuchachuka kwenyewe hutoa joto, kwa hiyo aliyeanza na 28 anafika juu zaidi kesho yake, na siku mbili tatu za mwanzo ndizo zinazoamua ladha. Eli nyingi (bia zinazochachushwa kwenye joto zaidi kuliko laga) zinataka 18 hadi 20, laga 8 hadi 12. Ikiwa ulitia ikiwa juu ya 40, huenda hamira imekufa: ipoze, tia nyingine.

Maji ya kizibo cha hewa yameingia ndani ya chombo

Ulifunga chombo kikiwa bado na joto. Hewa iliyo juu ya woti imesinyaa, na ikavuta maji ya kizibo (kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa) ndani. Kama ulijaza maji yaliyochemshwa au dawa isiyo na madhara, endelea. Kama yalikuwa ya bomba, tia hamira mara tu joto linaporuhusu ili iwahi kushika nafasi. Kwa pishi lijalo, funika mdomo wa chombo kwa karatasi ya alumini iliyotakaswa hadi joto litulie, ndipo ufunge kizibo na kukijaza.